Uharibifu wa mazingira haukai pale ulipofanyika. Fuata mnyororo uone unakoishia

#1 Kijito (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mada ya mazingira ikianzishwa tunaishia pale pale: msikate miti, msitupe plastiki, basi. Sina ugomvi na hayo. Shida yangu ni kwamba yanatuzoesha kuona madhara kama kitu kinachokaa palipoguswa. Umekata mti, kisiki hiki hapa. Umetupa taka, taka hizi hapa. Ingekuwa hivyo kazi ingekuwa nyepesi mno, kila mtu angefagia mbele ya mlango wake tukamaliza.

Nionavyo mimi, madhara mazito kabisa aliyoyaleta binadamu yalijitokeza mbali na mkono wake, yakachelewa, na mara nyingi mwenye mkono alikuwa anafanya jambo zuri tu.

Nianze na tumbusi wa India. Mpaka miaka ya 1980 walikuwa wengi kiasi kwamba hakuna aliyejishughulisha kuwahesabu vizuri. Miaka ya 1990 wakaanza kupukutika. Walikutwa matawini wameinamisha shingo siku kadhaa, kisha chini, wamekufa. Wataalamu wakahangaika: ugonjwa? Viuatilifu? Njaa? Jibu lilitangazwa mwaka 2004, na lilikuwa diklofenaki, dawa ile ile mtu anayomeza akiumwa mgongo. Wafugaji walikuwa wanawapa ng'ombe wenye maumivu, kwa sababu ni rahisi na inafanya kazi. Ng'ombe akifa dawa ikiwa bado mwilini, tumbusi anayemla anaharibika figo na kufa ndani ya siku chache. Aina moja, tumbusi wa mgongo mweupe, ilipungua kwa asilimia 99.9 kati ya 1992 na 2007. Yaani katika kila ndege 1,000, akabaki mmoja.

Sasa fuateni mnyororo. Mizoga ikakosa wa kuimaliza. Mbwa wa kuzurura wakapata shibe wakaongezeka. Mbwa ndio wanaobeba kichaa cha mbwa, na India ilikuwa tayari inaongoza duniani kwa vifo vya ugonjwa huo. Kwingine kabisa, jamii ya Waparsi wa Mumbai, ambao kwa dini yao maiti hazizikwi wala hazichomwi bali huwekwa juu ya minara ziliwe na ndege, wakajikuta ndege hawaji. Ikabidi wafunge vioo vya kukusanya joto la jua juu ya minara ili maiti zikauke. Sindano ya ng'ombe imevuruga mazishi ya watu wasiofuga hata ng'ombe mmoja!

Mfano wa pili kwa ufupi: Bahari ya Aral, Asia ya Kati. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito miwili inayolilisha, Amu Darya na Syr Darya, ikageuzwa kwenda kumwagilia pamba. Pamba ikastawi kweli. Ziwa likakauka, meli zikabaki mchangani, na upepo ukaanza kubeba vumbi la chumvi lenye mabaki ya viuatilifu, likarudi kutua juu ya mashamba yale yale. Leo Aral ni jangwa, habari yake imekwisha. [Nyongeza: isomwe pamoja na maelezo ya Fundi Bomba kuhusu Kok-Aral, posti #9.]

Naomba kuwasilisha. Mwenye mfano wake aweke, mwenye kupinga apinge kwa hoja.

#2 Swali Dogo

Uzi una madini, ila nina shaka. Tumbusi ni bahati mbaya. Dawa moja, ndege mmoja, nani angejua? Aral ni uamuzi mbovu wa serikali moja. Huwezi kuchukua ajali mbili ukazifanya kanuni. Weka nyama zaidi mkuu.

#3 Kijito

Swali zuri. Basi niache ajali, nichukue kitu kinachofanyika kila msimu, kihalali, na wote tunakula matokeo yake: mbolea ya viwandani.

Hewa tunayovuta karibu asilimia 78 ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuichukua hivyo hivyo. Mwaka 1909 mkemia Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuigeuza kuwa amonia, inayotengenezewa mbolea, na kufikia 1913 Carl Bosch alishaifanya kazi ya kiwanda, huko Oppau, Ujerumani. Inakadiriwa karibu nusu ya watu walio hai leo wanakula kwa sababu ya kemia hiyo. Kwa hiyo nikisema ina madhara, simaanishi ifutwe. Ifute leo uone njaa.

Ila mmea hauli mbolea yote unayopewa. Sehemu kubwa inasombwa na mvua, inaingia mtoni, inafika baharini. Kule inafanya kazi ile ile iliyonunuliwa kuifanya, yaani inaotesha. Kinachoota ni mwani. Mwani unatanda, unakufa, unazama, na bakteria wanaouozesha wanatumia oksijeni yote iliyoko chini. Samaki mwenye mbio anakimbia. Kaa na chaza hawana pa kwenda.

Ghuba ya Meksiko, mto Mississippi unapomwaga, jambo hili hutokea kila kiangazi. Mwaka 2017 eneo lililokosa oksijeni lilipimwa likafika kilomita za mraba zipatazo 22,700. Mkulima wa mahindi aliye zaidi ya kilomita elfu moja kutoka pwani, ambaye pengine hajawahi kuiona bahari, yumo ndani ya hesabu hiyo. Si mtu mbaya. Hajavunja sheria yoyote.

Na kuna ushahidi naupenda sana. Bahari Nyeusi upande wa kaskazini magharibi ilikuwa na ugonjwa huo huo miaka ya 1970 na 1980. Muungano wa Kisovyeti ulipovunjika mwaka 1991, mashamba ya nchi za jirani yakakosa fedha za mbolea. Hakuna aliyekusudia kuiokoa bahari, watu walikuwa na shida zao. Lakini miaka michache baadaye eneo lile lililokufa likasinyaa sana. Ndiyo maana nasema si bahati mbaya, mkuu. Ukilegeza upande huu wa kamba, upande ule unalegea.

#4 Mpinga Hoja

Nyie mnaipa asili udhaifu isiokuwa nao. Dunia hii ilipigwa na kimondo miaka milioni 66 iliyopita, dinosaria wakaisha, na bado ipo. Imepita barafu, imepita volkano. Asili inajirekebisha. Binadamu naye ni mnyama kama wengine, anachofanya ni asili vilevile. Mchwa akijenga kichuguu mnaita maumbile, mtu akijenga mji mnaita uharibifu.

#5 Kijito

Kwenye mchwa niko na wewe, binadamu ni sehemu ya asili. Ndiyo maana mnyororo unamrudia, angekuwa nje yake usingemgusa.

Kwenye kujirekebisha tunaachana. Ndiyo, baada ya kimondo uhai ulirudi, lakini utajiri ule wa viumbe ulichukua mamilioni ya miaka kujijenga tena, na waliorudi si wale walioondoka. Nani humu ana subira ya miaka milioni? Hakuna anayesema jiwe hili linaloitwa dunia litavunjika. Tunaongelea hali hii tuliyozaliwa ndani yake.

Halafu kuna suala la mwendo. Enzi ya barafu ya mwisho ilipokuwa inaisha, kaboni dayoksaidi, gesi inayozuia joto la dunia lisitoke, ilipanda hewani kwa takriban sehemu 80 katika milioni, na hilo lilichukua maelfu ya miaka. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa kama 315. Sasa imevuka 420. Yaani kupanda kwa zaidi ya sehemu 100 kumeingia ndani ya umri wa mtu mmoja. Msitu unaweza kuhama kufuata baridi, mbegu kwa mbegu, lakini unahitaji muda. Mti hauna miguu.

#6 Ngalawa

Mleta uzi, umekwenda India na Marekani ukaruka mfano ambao kwangu ni mzito kuliko yote: Ziwa Viktoria.

Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 sangara alipandikizwa ziwani. Hakuwa wa humo. Sababu ilikuwa nzuri tena: apatikane samaki mkubwa mwenye soko, maana furu wa asili ni wadogo na wana miba mingi. Kwa miaka ishirini hivi haikuonekana kitu cha kutisha. Miaka ya 1980 sangara akalipuka. Ziwa lilikuwa na spishi za furu zinazokadiriwa kufika 500, kila moja na ulaji wake: huyu anakwangua mwani mawe, yule anakula konokono, mwingine anachuja tope. Inadhaniwa takriban 200 zilipotea katika muda mfupi sana.

Wengi wanaishia hapo: mkubwa kala wadogo. Mnyororo unaendelea. Furu na samaki wengine wadogo walikuwa wanakaushwa juani. Sangara ana mafuta mengi, juani anaoza, hivyo lazima abanikwe kwa moshi. Moshi ni kuni. Kuni ni miti ya kando ya ziwa. Miti ikiondoka, mvua inashusha udongo na rutuba ziwani. Wakati huo huo furu waliokuwa wanakula mwani na uozo hawapo tena. Maji yakachafuka rangi.

Na hapa ndipo panaponiacha hoi. Furu jike huchagua dume kwa rangi, mwekundu kwa spishi hii, wa samawati kwa ile. Maji yakiwa machafu haoni rangi vizuri, anakosea. Spishi zilizotengana zikaanza kuchanganyika. Kwa hiyo zipo spishi ambazo hazikuliwa na sangara wala hazikuvuliwa na mtu. Zilifutika kwa sababu maji yalikosa mwanga. Mtu aliyebeba ndoo ya vifaranga wa sangara angeyafikiria hayo saa ngapi?

Niwe mkweli lakini, sangara huyo huyo alijenga viwanda vya minofu na kulisha familia nyingi. Ukimuuliza mvuvi kama angependa arudishwe nyuma, usishangae akikataa.

#7 Kijito

Ngalawa, hiyo ya rangi ni kiboko. Nilijua ya kuni, ya wachumba sikuijua.

#8 Majani Makavu

Niongeze shomoro wa China. Mwaka 1958 Mao alitangaza kampeni dhidi ya wasumbufu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Shomoro alihukumiwa kwa kula nafaka. Watu walitoka na masufuria na ngoma wakipiga kelele mchana kutwa ndege wasitue, wakawa wanaanguka kwa uchovu. Shomoro wakaisha. Kumbe shomoro analisha makinda yake wadudu! Wadudu wa mashambani wakapata uhuru, ikaja njaa kubwa wakafa mamilioni. Mwaka 1960 serikali ikamtoa shomoro kwenye orodha, kunguni akachukua nafasi yake.

#9 Fundi Bomba

Majani Makavu, hapo punguza kidogo. Kuua shomoro ni kweli, wadudu ni kweli, kunguni ni kweli. Ila njaa ile haikuletwa na shomoro peke yao. Kulikuwa na takwimu za mavuno za uongo, nafaka kukusanywa kupita kiasi, wakulima kuondolewa mashambani wakayeyushe chuma. Hadithi ya shomoro inapendwa kwa sababu inasimulika vizuri. Mnyororo wenye pingu kumi tukiusimulia kama wenye pingu mbili tunafanya kosa lile lile la aliyeamua kuua shomoro.

Na mleta uzi nawe nina lako. Umeandika Aral imekwisha. Haijaisha yote. Ziwa lilipopungua liligawanyika, kaskazini upande wa Kazakhstan, kusini upande wa Uzbekistan zaidi. Mwaka 2005 Kazakhstan ilimaliza bwawa la Kok-Aral, tuta la kilomita kama 13 tu, kuzuia maji ya Syr Darya yasimwagikie kusini. Maji ya kaskazini yakapanda haraka kuliko walivyotarajia, chumvi ikashuka, samaki wa maji baridi wakarudi na uvuvi ukaanza upya. Hiyo ni habari njema yenye uchungu ndani yake, kwa sababu maji yanayobaki kaskazini ndiyo yasiyofika kusini. Kusini ndiko hali mbaya, na huko Uzbekistan wanapanda vichaka vya saksauli juu ya lililokuwa sakafu ya ziwa ili vumbi litulie.

#10 Swali Dogo

Sawa, nimekubali si ajali. Swali langu sasa: kuna mnyororo wowote uliowahi kusomwa KABLA haujafika mwisho? Kama yote tunayagundua mizoga ikishalala chini, uzi huu ni wa matanga tu.

#11 Kijito

Upo. Na una kejeli ndani yake.

Mhandisi Mmarekani, Thomas Midgley, mwaka 1921 aligundua kwamba ukitia madini ya risasi kwenye petroli injini inaacha kugonga. Miaka michache baadaye akaongoza kutengeneza gesi za friji za jamii ya klorofluorokaboni. Friji za kabla ya hapo zilitumia gesi zinazoua zikivuja, kwa hiyo hii isiyowaka wala isiyo na sumu ilipokelewa kama rehema. Mtu mmoja, mambo mawili yenye manufaa ya papo hapo. Risasi ya petroli ikaingia kwenye damu za watoto wa dunia nzima, na nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari, Algeria, iliacha mwaka 2021. Miaka 100 kamili.

Ile gesi ya pili ndiyo jibu lako. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walikaa na kalamu wakauliza swali la kitoto: gesi hii haiharibiwi na kitu chochote huku chini, je, inaishia wapi? Wakafuata mnyororo kwa hesabu. Inapanda taratibu mpaka juu sana, mwanga mkali wa jua unaipasua, klorini inatoka, na chembe moja ya klorini inaweza kuvunja maelfu ya molekuli za ozoni, gesi ya huko juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Tundu la ozoni lilikuwa bado halijaonekana. Wenye viwanda wakawabeza. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wanapima Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya kule inapungua vibaya kila majira ya kuchipua. Mwaka 1987 Mkataba wa Montreal wa kuachana na gesi hizo ukasainiwa, na baadaye ukaridhiwa na nchi zote za Umoja wa Mataifa. Makadirio ni kwamba tabaka hilo litarudi lilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo miaka ya 2040 sehemu kubwa ya dunia, na Antaktika kama 2066.

Ona lakini: waliopatia, wakasaini, wakatekeleza, bado wanasubiri karibu miaka 80.

#12 Mpinga Hoja

Sasa hapo umenipa mimi ushindi. Kumbe ukiiacha inapona.

#13 Kijito

Inapona ukiacha kuiumiza, mzee. Huko kuacha kuliwagharimu watu mikutano, fedha na viwanda kubadilisha mitambo. Na si kila kitu kinapona kwa kuachwa. Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Newfoundland Julai 1992, watu 30,000 hivi wakakosa kazi kwa mpigo. Walidhani ni miaka miwili. Imepita zaidi ya thelathini kabla uvuvi wa kibiashara haujaruhusiwa tena, tena kwa kiwango kidogo.

#14 Nyuki Mkali

Mimi msomaji wa kimya ila leo nimeshindwa kunyamaza. Kuna madhara yanayoingia mpaka kwenye damu ya kiumbe. Hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, wakati wa vita vya 1977 hadi 1992, majeshi yaliua tembo kwa ajili ya pembe, wakapungua kwa takriban asilimia 90. Tembo jike asiye na pembe hakuwa na faida kwa mwindaji, akapona. Kabla ya vita majike wasio na pembe walikuwa chini ya mmoja kati ya watano. Baada yake wakawa nusu. Bunduki ilifanya kazi ya mfugaji anayechagua mbegu.

Na kuna upande wa pili, pale binadamu anaponyamaza kidogo tu. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, meli zilipungua ghafla Ghuba ya Fundy, Kanada. Watafiti walikuwa tayari wanakusanya kinyesi cha nyangumi hapo kwa shughuli nyingine. Walipopima baadaye wakakuta homoni za msongo zimeshuka siku zile. Kelele za injini za meli ni za kawaida kiasi kwamba wengi wetu hatuziiti uchafuzi.

Swali: hao tembo pembe zitarudi?

#15 Kijito

Fundi Bomba, nimerekebisha. Sentensi ya Aral kwenye posti ya kwanza nimeiacha ionekane ila nimeongeza chini yake kwamba isomwe pamoja na maelezo yako ya Kok-Aral.

Nyuki Mkali, kuhusu tembo: dalili zipo. Kati ya majike waliozaliwa baada ya vita, wasio na pembe ni kama theluthi, yaani wamepungua kutoka nusu ile. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2021 ulionyesha kwamba chembe ya urithi inayoondoa pembe iko kwenye kromosomu ya X, na inaelekea dume akiirithi hafiki kuzaliwa. Ndiyo maana huoni dume asiye na pembe Gorongosa, na mama wasio na pembe wanazaa majike wengi kuliko madume. Vita viliisha mwaka 1992. Tembo jike anaweza kuishi miaka sitini na zaidi, kwa hiyo wapo mpaka leo wanaotembea pale ambao walizisikia zile risasi.